Mtu Asiye na Upande

Kapita wa Kibua alikuja kwangu asubuhi moja ya mvua nyembamba, miezi michache baada ya kumzika mume wangu. Kapita ndiye mkuu wa kijiji. Nilimpa kiti, akakikataa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, macho yake sakafuni.

"Mama Masisi," alisema, "tuko tunatafuta muntu wa kukaa katikati mu baraza yetu ya upatanisho. Tumefikiri weye."

Nilimuuliza kwa nini mimi, mwanamke, tena mgeni.

"Njo sababu ile ile," alijibu. "Hapa kila muntu iko na wake. Nikiweka mutoto wa ukoo huu, ukoo ule watasema amepinda. Weye hauna muntu. Hauna kaka hapa, hauna shangazi, hauna shemeji. Utapinda kwa nani?"

Alisema kwa heshima, kama anayemsifu mtu. Nilicheka kidogo, naye akacheka, akavaa kofia yake akaenda. Nilipofunga mlango nilikaa kitandani muda mrefu. Nilikuwa nalijua jambo hilo siku zote, lakini sikuwa nimelisikia likitajwa na mtu mwingine kwamba ni sifa ya kazi.

Mimi ni wa Kingi, upande wa Masisi. Kwetu ukisimama shambani unaona shamba la jirani, na la jirani wa jirani, maharage yamepanda kilima mpaka yanaingia ukungu. Mume wangu alikuwa muuguzi. Walipomtuma kwenye kituo cha afya cha Kibua, katika Walikale, nilimfuata na binti yetu mgongoni. Kilichonishtua huku hakikuwa msitu wenyewe. Ni kutoona mbali. Unasikia mtu anaongea, anacheka, anakata kuni, na humwoni. Nilimwambia mume wangu nitazoea ikiwa hatakaa mbali nami. Hakukaa mbali, mpaka homa ikaja, ikamshinda hata yeye mwenye dawa.

Binti yetu aliolewa Hombo, barabarani, mpakani na Kivu ya Kusini, anauza chumvi na sabuni. Nikitaka kumsikia napanda kilima kilicho nyuma ya kanisa, maana ndipo pekee simu inapopata rezo. Kila mara ananiambia, "Mama, kuja tukae wote." Kila mara namwambia nitafikiri. Kuhusu Kingi, vita imepita pale mara nyingi. Ndugu zangu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Niliambiwa nyumba ya wazazi imeng'olewa mabati. Kwa hiyo nilibaki Kibua, kwa sababu sikujua pa kwenda, na baadaye kwa sababu nilikuwa nimepewa kazi.

Kazi ya upatanisho si kazi ya hakimu. Polisi wanatafuta nani ana kosa, wanamtoza amande, ile faini yao, wanaondoka. Sisi tulitafuta namna watu wawili watakavyosalimiana kesho kwenye njia ileile, kwa sababu njia ni moja na hakuna nyingine ya kwenda mtoni. Mwanzoni nilipewa mambo madogo. Mbuzi aliyeingia shambani. Mpaka uliosogezwa kidogo kila msimu. Wanawake waliotukanana kwenye dimbwi la kuloweka mihogo. Nilijifunza kukaa kimya. Nilijifunza pia kwamba mtu mwenye hasira anarudia neno moja tu, na ukimwacha alirudie mpaka alichoke, chini yake kuna neno la pili, na lile la pili ndilo lililomleta.

Jambo lililonikalia moyoni kuliko yote ni la ndugu wawili, baba mmoja, mama mmoja, ambao nyumba zao zinatazamana na njia inapita katikati, ile ya mdogo ikipakana na uzio wangu. Mkubwa alikuwa mkulima, mrefu, mkimya, anayetembea ameinama kama mtu apitaye chini ya matawi. Mdogo alikuwa mwindaji, mwenye sauti na utani.

Mdogo alikuwa na mbwa jike, mwekundu, wa aina ile ya msituni isiyobweka. Mwindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili asikie aliko. Nyumba nzima ilikula kwa miguu ya mbwa yule. Mkubwa naye alikuwa ametega nyaya kuzunguka muhogo wake, kwa sababu ya nguruwe-mwitu na simbiliki, wale panya wakubwa wa majanini. Siku moja mbwa hakurudi. Mdogo alimtafuta, akamkuta amekufa kwenye waya wa kaka yake. Udongo ulikuwa umechimbuliwa pale chini, na nyayo za kaka yake zilikuwa zimejaa kila mahali.

Alimbeba mbwa mikononi mpaka uani kwa kaka yake, akamlaza chini, akaita watu. Kaka alikuwa ameona, mdogo alisema. Kaka alikuwa amesimama pale na kumtazama mbwa akifa, kwa wivu wa nyama inayoingia nyumba ya pili. Akamwita mchawi. Kaka alitokea upande wa mtoni, mkono umefungwa kitambaa, akasikiliza, hakujibu hata neno. Aliingia ndani. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Watoto wao walizaliwa na kukua wakijua kupita njiani bila kuinua macho.

Nilipoingia barazani jambo hilo lilikuwa la zamani tayari, na kapita aliniomba nilijaribu. Nilianza kwa kuwasikiliza mmoja mmoja. Mdogo alikuja mchana, jua likianza kulegea, na kipande cha nyama iliyokaushwa kwa moshi. Mkubwa alikuja Jumapili, baada ya misa, na ndizi. Wakaendelea kuja. Mdogo alinisimulia mbwa wake, alivyokuwa anaruka majani marefu ili aone mbele, alivyolala na mgongo kwenye mlango. Mkubwa hakulitaja jambo lile kamwe. Aliongea juu ya udongo, juu ya mvua, juu ya marehemu mama yao, kisha akaaga. Nilimwona anakuja na jambo moja mdomoni na kila mara anarudi nalo.

Nilikuwa nachemsha chai ya mchaichai siku hizo. Nilikuwa napika kidogo zaidi. Nyumba ya mtu mmoja ina ukimya ambao hata sufuria inausikia, na wanaume wale wawili, kila mmoja kwa saa yake, waliuvunja. Nilibeba maneno kati yao. Sikudanganya. Mdogo akisema, "Kaka yangu ni jiwe," nilimwambia mkubwa, "Ndugu yako anasema hukumujibu." Ni neno lilelile, nimelitoa mwiba tu.

Pengine tungeendelea hivyo bila mwisho kama binti wa mdogo asingeposwa. Waliomposa walikuwa watu wa karibu na Walikale kwenyewe, watu wa desturi. Na desturi yao ni kwamba kamba ya mbuzi wa kwanza wa mahari inapokelewa na baba mkubwa wa binti. Mdogo alitaka kumweka binamu yake apokee. Wakwe walikataa. Baba mkubwa ni mzima, walisema, nyumba yake tunaiona pale, namna gani mtu mwingine anyooshe mkono? Wakarudi na mbuzi wao.

Binti alinifuata shambani. Alisimama kwenye mfereji, hakunisalimia hata.

"Mama," aliniuliza, "ni mimi njo nitalipa ile mbwa?"

Niliweka jembe chini, nikaenda moja kwa moja kwa kapita, nikamwambia aite baraza.

Tulikaa katika payote, kibanda cha wazi cha majani ambamo mambo ya kijiji husikilizwa. Ilikuwa asubuhi, na majani yalikuwa bado yanadondosha maji. Kapita alikuwapo, na shangazi yao mzee ambaye bado anashika mila za zamani za Wanyanga, wenyeji wa huku, na watu wa nyumba zile mbili. Mimi nilikaa katikati. Kanuni yangu ilikuwa moja: mtu anaongea mpaka anamaliza, na kabla ya mwenzake kujibu, kwanza arudie aliyoyasikia.

Mdogo aliongea kwa muda mrefu. Alisema yote, hata yale ya wivu, hata neno mchawi. Alipomaliza nilimgeukia mkubwa nikamwomba arudie. Alirudia yote, kwa utaratibu, kwa sauti ya chini, bila kuacha tusi hata moja. Kisha akaongeza matusi mengine ambayo mdogo hakuyasema asubuhi ile. Yalikuwa ya siku ya mbwa. Alikuwa ameyatunza yote. Mdogo alitazama chini.

Nikamwuliza, "Papa, mukono wako ulipata nini?"

Alikuwa na kovu chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Watu walisema ni panga. Lakini mimi niliishi na muuguzi, nimeosha vidonda pamoja naye, na panga linaacha mstari. Kovu lile lilikuwa la vitone, huku na huku, kama kitu kilichobanwa.

Alilitazama kovu lile.

"Nilimukuta muzima," alisema. "Waya ilikuwa imemushika shingo. Nilipiga magoti, nikaingiza vidole chini ya waya. Akaniuma. Sikumuacha. Nilichimba udongo ili kijiti cha waya kilegee, na yeye kila akivuta anazidi kujinyonga. Alikufa, mukono yangu ingali mu kinywa yake."

Mdogo aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimwambia kaka yake neno.

"Kwa nini haukusema?"

"Nilikuwa nakuja kusema. Nilienda kwanza mutoni kuosha damu. Njiani nilipanga maneno. Nikakukuta mu lupango yangu, pale uani, mbwa iko chini, watu wamejaa, na weye unaniita muchawi. Maneno ikaniishia."

"Ningekuamini."

"Siku ile?"

Mdogo alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, anarudi hadi siku ile na kuitazama.

"Hapana," alisema mwishowe. "Siku ile, hapana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio ama kwa ugomvi, na hakikuja hiki wala kile. Mdogo alisimama, akapita mbele yangu, akachuchumaa karibu na kaka yake. Akaushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akapapasa vile vitone kwa kidole, polepole, jinsi mtu anavyogusa nguo ya marehemu wake.

"Haya ni meno yake," alisema. "Kaka, haya ni meno yake."

Mkubwa hakuuvuta mkono. Alimwachia aushike muda wote aliotaka.

Shangazi alileta beseni la maji. Wote wawili walinawa katika maji yaleyale, kisha akayachukua na kuyamwaga njiani kati ya nyumba zao, akisema maneno ya Kinyanga ambayo mpaka leo siyajui yote. Mimi niliombwa nisali Baba Yetu. Halafu tukaenda uani kwa mkubwa, ambako kuku alichinjwa na kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikaletwa katika kibuyu kimoja. Ndugu walikula bugali kwenye sahani moja. Wanawake wao walikula kwenye sinia moja, wakinyang'anyana mboga kwa kicheko. Mimi niliketishwa kwenye kiti kizuri, nikaletewa sahani yangu peke yangu, safi, ya maua, ile inayotolewa kwa wageni. Ilikuwa na nyama nzuri kuliko ya mtu yeyote. Nilikula nikawatazama.

Mbuzi walirudi. Mkubwa alipokea kamba kwa mkono wake ule ule. Siku ya arusi niliwekwa mbele, karibu na padri, na watu waliokuja kunisalimia waliinama kidogo, wakaenda kukaa kwingine.

Baada ya hapo saa za mchana zikawa ndefu. Siku za kwanza nilichemsha chai kama kawaida. Jua lilianza kulegea, njia ikabaki tupu. Jumapili baada ya misa nilitembea polepole ili asije akanikosa nyumbani, nikafika, hakuna mtu. Nilielewa. Mdogo alikuwa na mtu wa kumsimulia sasa. Mkubwa alikuwa amelitema lile lililokuwa mdomoni. Jioni nilisikia sauti zao upande wa pili wa uzio, mdogo akitania, mkubwa akicheka kicheko kizito ambacho sikuwahi kukisikia kwangu. Nilifurahi kweli. Kisha furaha ikaisha na bado ilikuwa mapema, na sikuwa na la kufanya hadi usingizi uje. Nilikuwa nimetengeneza amani iliyonimalizia wageni.

Hata wanawake wengine walikuwa na tahadhari nami. Nikifika kwenye dimbwi la mihogo mazungumzo yalipungua. Si kwa ubaya. Nani angependa kumsengenya mumewe mbele ya mtu ambaye kesho anaweza kukaa katikati yake na huyo mume? Waliniuliza habari, nikajibu nzuri, tukaongea juu ya mvua.

Halafu asubuhi moja nilipanda kilima nyuma ya kanisa nikampigia binti yangu. Nilisikia kwa pumzi yake kwamba kuna jambo. Dada yangu mkubwa, ambaye alinilea baada ya mama yetu kufa, alikuwa kambini na wakimbizi wengine wa Kingi. Alikuwa amefariki. Walikuwa wamemzika tayari, siku zilizopita, na habari ilizunguka kwa watu wengi kabla haijafika Hombo. Binti yangu alianza kunieleza ugonjwa, rezo ikakatika. Nilinyoosha simu juu, nikazunguka kanisa, haikurudi.

Nilishuka nikaingia nyumbani. Kibua mtu akifiwa, watu wanajua kabla hajalia. Wanakuja na kuni, na maji, na mikeka, wanakaa. Lakini hapa hakuna aliyemjua dada yangu. Hakuna aliyewahi kumwona. Kilio kingeanzia wapi? Nilikaa mpaka mchana. Nilijaribu kulia peke yangu nikashindwa, ikawa kama kupiga mlango wa nyumba iliyohamwa. Ndipo nikajifunga kitenge, nikaenda kwa mdogo.

Waliponiona wote walisimama. Mdogo alikimbilia kiti. Watoto wakafukuzwa waende kuchezea mbali. Mtu akaenda kumwita mkubwa ng'ambo ya njia, akaja haraka, bado na udongo mikononi.

"Mama," mdogo aliniuliza, uso umekauka, "kuna mambo gani? Nani ametushitaki?"

"Hakuna mambo. Nilikuwa ninapita."

"Ni wakwe? Binti amefanya nini?"

"Hakuna kitu, papa. Nimekuja kusalimia."

Walikaa, lakini walikaa vile watu wanavyokaa barazani, mikono magotini, wakingoja nifungue jambo. Nilitaka kusema, na ulimi wangu, unaojua kusema ya watu wote, ukakataa kusema langu. Mkubwa alianza kukohoa.

Mke wa mdogo alikuwa mkekani pembeni, anamenya muhogo. Niliacha kiti, nikaenda kukaa chini karibu yake, nikachukua kisu.

"Achana nayo, mama," alisema kwa aibu. "Weye ni mukubwa."

Nikamenya. Nilihisi ananitazama mikono. Alivumilia muhogo wa kwanza. Alivumilia wa pili. Kwenye wa tatu akashindwa.

"Mama Masisi! Weye unatupa muhogo yote na maganda! Kwenu munamenya ao munachonga mutumbwi?"

Mumewe alishtuka, akasema, "Ee, mwanamuke!" Lakini mkubwa alikuwa amekwisha kucheka kile kicheko chake kizito, na mimi nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu tangu mume wangu afe hakuna aliyenicheka. Nilicheka hadi machozi yakaja, kisha nikagundua sicheki tena. Yule mwanamke alidondosha kisu.

"Mama, ni nini?"

"Dada yangu amekufa," nilisema. "Wamemuzika huko huko. Nimejua leo asubuhi."

Hakuna aliyeniuliza kwa nini sikusema. Yule mwanamke alinishika kichwa akakilaza begani kwake, na mikono yake ilikuwa na utomvu wa muhogo, akapiga ukelele mmoja mrefu, ule wa msiba. Mara nikasikia ukafuatwa na mwingine ng'ambo ya njia, wa mke wa mkubwa, na mwingine mbali zaidi, nyuma ya migomba. Watu wakaanza kuja. Hawakujua ni nani amekufa, walikuja wakiuliza wakiwa njiani. Mkubwa aliondoka, akarudi na mti mkavu begani, akaupeleka uani kwangu kuwasha moto, maana msiba hulaliwa nyumbani kwa mwenye msiba. Tukahamia kwangu. Mikeka ikatandikwa mpaka mlangoni.

Walikaa nami siku zile za kukaa. Kilichokuwa kigumu ni kwamba hawakuwa na la kukumbuka. Kwenye msiba watu husema, unakumbuka alivyofanya hivi, unakumbuka alivyosema vile. Hapa palikuwa na kimya kila baada ya wimbo, hadi mdogo, ambaye hawezi kimya, akaniuliza, "Mama, alikuwa anafanana na weye?"

"Hapana," nilisema. "Yeye alikuwa murefu. Alikuwa na sauti mubaya ya kuimba, na alikuwa anaimba kila siku."

Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza alikuwa anaimba nini. Mwingine akauliza kama alikuwa na watoto, na ni nani yuko nao sasa. Nikaanza kuwaeleza. Niliwaeleza vilima, jinsi alivyonibeba kushuka mpaka kijitoni, jinsi alivyogombana na baba yetu ili niende shuleni na yeye akabaki shambani. Niliongea kuliko nilivyowahi kuongea Kibua, mimi ambaye kazi yangu ni kusikia. Walinisikiliza mikono magotini.

Kisha siku zikaisha, mikeka ikakunjwa, kila mtu akarudi kwake, kama inavyopasa. Asubuhi hiyo niliamka nikafagia majivu. Ua ulikuwa mpana na mtupu. Nilikuwa nimeshika ufagio, sijui niende ndani ama shambani, niliposikia mke wa mdogo akiita kutoka upande wa pili wa uzio, kwa sauti ya mtu asiye na subira, kama nimekwisha kuamka, na kama ninakuja kumenya muhogo ao ninataka aje kunikokota.

Nilimjibu kwamba ninakuja.